Eti kambemenda mtoto! Kongosho mmelitazama?

Jumatano, saa sita kasoro usiku. Umeme upo, maji hayapo, na mimi nina hasira, kwa hiyo leo hakuna stori za kantini wala za bumu kuchelewa. Samahanini wadau. Leo nagombana na watu wa aina mbili kwa mpigo: wazee wetu wa kule ziwani wanaosema mtoto "kabemendwa", na wasomi wenzangu wa humu kampasi wanaosema "huo ni ugonjwa wa wazungu". Mtadhani hawa hawafanani. Wanafanana sana tu! Wote wanamnyamazisha mama kabla hajamaliza kueleza mtoto anaumwaje.

Ubishi ulianza jana chumbani kwetu. Kuna jamaa anasoma udaktari, yuko mwaka wa nne, kichwa kweli kweli, sitamtaja maana bado namdai mia tano ya vocha. Nikamtajia sistiki fibrosisi. Akacheka. "Aisee, hiyo ya wazungu. Kwetu ukiona mtoto kakonda, tumbo limetoka, miguu imevimba, huo ni utapiamlo, basi. Hata kwenye mtihani hawaulizi." Eti hata kwenye mtihani hawaulizi! Kwa hiyo kongosho la mtoto wa Mbamba Bay lisubiri ratiba ya UE?

Kwa msiotoka kwetu, kwanza ramani. Mbinga mjini ni juu, milimani, baridi, kahawa, maharage, mashamba ya ngoro ya Wamatengo. Ukishuka na ile barabara, kilomita sitini na kitu, unatokea Mbamba Bay, Ziwa Nyasa hilo hapo mbele yako. Zamani yote ilikuwa Wilaya ya Mbinga, mpaka 2012 ndipo Nyasa ikawa wilaya yake. Ukifuata ufukwe kwenda kaskazini unapita Liuli, unaenda hivyo hivyo mpaka Lituhi. Chakula chetu huko ni ugali wa muhogo na samaki. Dagaa wa Nyasa wanaanikwa kila mahali, mpaka harufu yake ukiwa Dar unaiota usiku.

Sasa katika kijiji kimoja kati ya Liuli na Mbamba Bay kuna mama mmoja, jirani wa shangazi yangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa vizuri, akawa ananyonya kwa nguvu, anakula kwa pupa, hakui. Miguu ikavimba. Akafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wa pili hivyo hivyo. Kila alipompeleka kwenye kituo cha afya (sikitaji) alirudi na maneno: mama humlishi mtoto, mtoto anahitaji protini, ona mstari kwenye kadi umeshuka mpaka nyekundu. Jamani! Mwanamke anayeanika dagaa kwa ajili ya kuishi, mikono yake yote magamba, anaambiwa nyumbani kwake hakuna protini!

Nyumbani nako mama mkwe akawa na jibu lake: kambemenda mtoto. Mnajua maana yake, sina haja ya kufafanua sana. Kwamba alikutana na mwanamume wakati ananyonyesha, au alishika mimba haraka, ndio mtoto kaharibika. Walipomzika wa pili, mume akamrudisha kwao. Alipokuwa anaondoka alikuwa na wa tatu tumboni.

Huyo wa tatu nilimwona likizo iliyopita. Mwaka mmoja na miezi mitano, anakula mpaka unaogopa. Nikamuuliza mama yake, dada, choo chake kikoje? Akaniangalia kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. Akasema: "Nikifua nguo zake, maji yanafanya mafuta juu, kama nimeosha sufuria ya samaki." Huko kituoni choo walikipima, ndiyo. Walitafuta minyoo. Hawakuona minyoo, wakampa dawa ya minyoo.

Hapo nieleweke. Sisemi mtoto yule ana sistiki fibrosisi. Mimi nasoma ualimu wa baiolojia, si daktari, na mtoto hatambuliwi ugonjwa kwa macho ya shangazi wala ya mwanafunzi. Nasema hivi: watoto watatu wa tumbo moja, dalili zile zile, na hakuna hata mmoja aliyechukua choo akakitafutia mafuta. Kazi ya kutazama haikufanyika, ila hukumu mama alishapewa.

Haya, somo kidogo, wa sayansi mnivumilie. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Lina kazi mbili. Moja ni insulini, hiyo kila mtu anaijua kwa sababu ya kisukari. Nyingine, ambayo mtaani hawaisemi, ni kutengeneza vimeng'enya vinavyovunja mafuta, protini na wanga utumbuni. Kwenye sistiki fibrosisi kuna jeni moja, ilitambuliwa mwaka 1989, ambayo kazi yake ni kusimamia mlango wa chumvi kwenye chembe za mwili. Mlango ukikataa kufunguka, maji hayafuati chumvi, na majimaji ya mwili yanakuwa mazito kama gundi. Kwenye mapafu ni makohozi yasiyotoka. Kwenye kongosho vijifereji vinaziba, vimeng'enya vinabaki ndani, kongosho linaliwa na vimeng'enya vyake lenyewe na kugeuka makovu. Katika kila wagonjwa 100, kama 85 kongosho lao halitoi vimeng'enya vya kutosha, na wengi wao ni toka uchanga. Mtoto wa namna hiyo umpe dagaa, umpe maziwa, umpe karanga, umpe uji wa lishe wa nafaka saba, vinaingia huku vinatokea kule. Anakufa njaa akiwa ameshiba.

Na protini ikipungua kwenye damu, mwili unavimba. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa huu anaweza kuja amevimba miguu, damu imepungua, ini limejaa mafuta. Ukimweka pembeni ya mtoto wa unyafuzi, ile kwashakoo ya kitabu cha darasa la tano, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Hapo ndipo mtego ulipo.

Halafu mtego huu si mgeni Afrika Mashariki. Kampala, pale Mulago, daktari Hugh Trowell na mwenzake J.N.P. Davies walihangaika miaka na watoto waliovimba. Mwanzoni Trowell alidhani ni pelagra ya watoto. Davies akawa anafungua maiti na kutazama ndani, na mwaka 1948 akachapisha kwenye jarida la Lancet kwamba ukiacha ini lenye mafuta, kitu kikubwa alichokiona ni kongosho lililonyauka, zile chembe zinazotengeneza vimeng'enya zimesinyaa. Yaani madaktari wa Mulago, miaka zaidi ya sabini iliyopita, walilitazama kongosho la mtoto wa Kiafrika! Leo sisi na simu zetu za kupangusa tunaona ni anasa.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Kongosho la kwashakoo limelala tu. Hapo hapo Mulago walipima maji ya utumbo wa watoto kabla na baada ya kuwalisha maziwa, wakachapisha mwaka 1952: mtoto akilishwa, vimeng'enya vinarudi. Kongosho la sistiki fibrosisi halirudi, limeziba na limekuwa kovu. Kwa hiyo chakula chenyewe ni kipimo, na hakidai umeme wala mashine! Mtoto kalishwa maziwa ya tiba au zile pakti za karanga, kasimamiwa na nesi, magonjwa mengine yametibiwa, wiki zinapita, anakula vizuri na haongezeki, choo kingi, kinanuka kupita kiasi, kina mafuta. Huyo usimrudishe nyumbani na somo la makundi ya vyakula. Huyo amekuambia kitu.

Na wazungu wenyewe, mnaodhani walizaliwa wanaujua? New York, Dorothy Andersen, mtaalamu wa magonjwa kwa njia ya kuchunguza maiti, alikuta mtoto aliyeandikwa amekufa kwa ugonjwa wa siliaki, ule wa utumbo kukataa ngano. Alipofungua akaona kongosho limejaa vifuko na makovu. Akakusanya wengine mpaka 49, ndipo mwaka 1938 ugonjwa ukapata jina. Miaka kumi baadaye lilipiga joto kali pale New York, watoto wakazimia kwa kupoteza chumvi, na wengi kati ya waliolazwa wakawa ni hao hao wa sistiki fibrosisi. Ndio chanzo cha Paul di Sant'Agnese kutangaza mwaka 1953 kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Kipimo cha jasho kinachotumika mpaka leo misingi yake ni ya mwaka 1959. Sasa fikirieni mtoto huyo yuko Lituhi mwezi wa kumi na moja, jua la utosini, anatoka jasho la chumvi kutwa nzima. Anazimia. Tunasema malaria.

Nije kwenye ini, maana huko ndiko kimya kimya. Nyongo nayo inakuwa nzito, inaziba vijifereji vyake ndani ya ini, na ini linapata makovu kidogo kidogo bila maumivu. Wachanga wengine wanaanza na manjano isiyoisha. Wengi hawafiki mbali, lakini kama 5 hadi 10 katika kila 100 makovu yanafikia hatua ya sirosisi, mara nyingi wakiwa bado watoto au vijana. Damu inakosa njia ya kupita kwenye ini, bandama linavimba, mishipa ya umio inatuna kama mirija ya baiskeli, siku moja inapasuka na mtoto anatapika damu. Kwetu mtu akitapika damu na tumbo limejaa, majibu yanajulikana: pombe, au karogwa. Ana miaka kumi na miwili, hajaonja hata ulanzi, mnasema karogwa.

Tiba ya ini ipo lakini nisidanganye. Kuna dawa ya kulainisha nyongo, asidi ya ursodeoksikoliki, madaktari wengi wanaitoa, ila ushahidi kwamba inazuia sirosisi ni mdogo. Mishipa ya umio inafungwa kwa vipira kupitia mpira wenye kamera kabla haijapasuka. Chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wetu wanapata kliniki, ni lazima kwa hawa, maana ini lenye makovu halihitaji adui wa pili. Na vitamini A, D, E na K, kwa sababu hizo zinasafiri na mafuta, na mafuta hayaingii mwilini. Bila K damu haigandi. Kwa wanaofikia utu uzima, karibu nusu wanapata na kisukari chake, kwa sababu makovu yamefika hadi kwenye insulini. Wa kwetu hawafiki huko, ndiyo maana hatuwaoni.

Sasa "ugonjwa wa wazungu". Ndiyo, kwa Wazungu ni wa kawaida zaidi, hilo silibishi. Lakini kuna badiliko la jeni linaitwa 3120+1G>A, na linaonekana kwa watu weusi kuliko kwa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walikadiria kuwa kwa Waafrika weusi wa huko, mtu 1 kati ya 34 anabeba jeni ya ugonjwa huu bila kuumwa. Makadirio yenyewe ni mapana, toka 1 kwa 14 mpaka 1 kwa 59. Lakini hata ukichukua hiyo ya chini kabisa, darasa letu la lekcha kubwa lingekuwa na wabebaji kadhaa, wanasinzia nyuma. Na Wangoni wa Songea, babu zao walipanda kutoka wapi karne ya 19 kama si huko huko kusini? (Wangoni msinipige, natania. Nusu.) Sisi kwetu watoto wachanga hawapimwi ugonjwa huu wakizaliwa, halafu tunasema haupo kwa sababu hatujauona!

Na kingine ambacho kingepaswa kumaliza habari ya kubemenda kabisa. Ili mtoto aumwe lazima apate jeni mbovu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Kila mimba bahati ni moja kati ya nne. Kwa hiyo yule bwana aliyemrudisha mke kwao, kama ugonjwa ungekuwa huu, nusu ya sababu angekuwa amebaki nayo mwenyewe. Angeoa mwingine, akaenda nayo. Mbona hatuna neno la Kiswahili la baba aliyembemenda mtoto kwa damu yake? Hata jina kwashakoo lenyewe, alilolileta Cicely Williams kutoka lugha ya Kiga ya Ghana mwaka 1935, maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayesukumwa na mdogo wake. Popote uendapo lawama inazunguka tumbo la mama tu.

Najua hoja ya jamaa yangu, na ni nzito, nimpe haki yake. Anasema Ruvuma kati ya watoto 100 wenye utapiamlo karibu wote ni chakula, kuhara, malaria, mama kushinda shambani. Kweli. Mkoa wetu unalisha nchi mahindi, magari yanapanga foleni kwenye maghala, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati taifa zima ni asilimia 30. Hiyo ni aibu yake peke yake, nitaiandikia siku nyingine. Lakini wingi wa hao ndio unaowaficha hawa wachache! Simwambii mtu apime kila mtoto mwembamba. Namwambia ampime yule aliyelishwa akakataa kupona, na hasa wa nyumba ambayo imeshazika wawili.

"Hatuna hela." Haya, tuhesabu. Kutafuta mafuta kwenye choo kunahitaji darubini, ambayo inatafuta malaria kila siku, na rangi ya Sudani ya kutia kwenye slaidi. Kipimo cha jasho ni kigumu zaidi, na mtoto aliyekonda sana au aliyevimba anaweza kutoa jibu la uongo, kwa hiyo kirudiwe akipata nafuu. Dawa yenyewe ya kongosho ni kapsuli za vimeng'enya, zinamezwa na kila mlo, na kwa mtoto mdogo unafungua unanyunyizia zile chembe kwenye tunda lililopondwa kidogo, asitafune. Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Zinatengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, wenzangu Waislamu mtauliza, na masheikh wengi wameshajibu kwamba dawa ya kuokoa uhai isiyo na mbadala inaruhusiwa. Ongeza vitamini na chumvi. Bei ya kapsuli si ya muuza dagaa, hilo kweli, lakini huwezi kuomba msaada wa ugonjwa ambao hujauandika kwenye faili.

Ninachokikataa ni kile kisingizio cha dawa ya mamilioni. Kila ukianza kuzungumza wanakurukia na Trikafta, ile iliyopitishwa Marekani 2019 kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, eti hatuiwezi hivyo tusahau yote. Kwanza mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limeingiza dawa za aina hiyo kwenye orodha ya muhimu, kwa hiyo ubishi wa bei ndio unaanza. Pili, na hili linaniuma, mwenye nakala mbili za lile badiliko letu la 3120+1G>A haimsaidii, kwa sababu mwili wake hautengenezi hata ile protini ya kurekebishwa. Imetengenezwa kwa jeni za wengine. Kwetu ukombozi wa kwanza ni kapsuli, tunda na mtu wa kuangalia choo.

Shangazi kanipigia Jumapili. Mtoto yupo, kilo saba, ila sasa kifua kimeanza kubana. Nimemwandikia mama barua ya ukurasa mmoja aende nayo hospitali kubwa Songea: watoto wangapi, walikufa na miezi mingapi, choo kikoje, amelishwa nini kwa wiki ngapi, naomba choo kipimwe mafuta. Nimeiandika kwa Kiswahili kikubwa ili aisome yeye mwenyewe kwa sauti kama mtu wa dirishani hataki kuipokea. Kilichobaki ni nauli na namna ya kufika. Kama kuna mdau anayetoka Mbamba Bay kwenda Songea kabla ya mwisho wa mwezi, ana gari, na ana nafasi ya mama na mtoto, niko hosteli ile ile, chumba kile kile, gonga hata usiku.